Gitaa Jepesi la Umeme: Namna ya Kulichagua na Kulitengeneza

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za chombo kimoja cha muziki, nacho ni gitaa la umeme lililo jepesi, lenye mvungu nusu. Twawaelekea hasa vijana wa Guta, pale ufukoni mwa Ghuba ya Speke katika Wilaya ya Bunda, na wenzao wote wapigao muziki arusini na katika dansi, ambako bendi huanza jua likitua na kumaliza alfajiri. Mtu apigaye nyumbani kwa robo saa aweza kutumia gitaa lo lote. Lakini asimamaye saa sita, gitaa likining'inia begani, yampasa kuchagua kwa akili, ama sivyo bega litauma, vidole vitachoka, na wacheza dansi watayasikia machovu yake.

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Neno hilo ni kweli kwa mvivu atafutaye sababu ya kutolima. Lakini mkulima hodari naye hulitazama jembe lake kabla ya kulinunua: huupima mpini, hugonga chuma, akasikiliza. Nasi na tufanye vivyo hivyo.

Kabla gitaa halijafika pande hizi, watu wa Mara walijua vema ya kuwa mvungu hukuza sauti. Nyatiti ya Wajaluo na iritungu la Wakuria ni mti uliochongwa kama bakuli ukawambwa ngozi. Uzi peke yake hausikiki mbali. Ukifungwa juu ya mvungu, ngozi na hewa iliyomo ndani hutikisika pamoja nao, na sauti hukua. Gitaa kavu, ambalo wapigaji wa zamani waliliita galatoni kwa jina la chapa ya Gallotone ya Afrika Kusini, hufuata kanuni ile ile. Kwa gitaa kavu tu Mwenda Jean Bosco wa Katanga alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, na sifa zake zikaenea Afrika ya Mashariki.

Hata hivyo gitaa kavu haliwezi kushindana na ngoma, tarumbeta na kelele za umati. Kwa hiyo bendi za dansi, kama Morogoro Jazz iliyoanzishwa mwaka 1944, ambamo Mbaraka Mwinshehe alijipatia sifa baadaye kwa gitaa la solo, na Mara Jazz ya Musoma, zilishika magitaa ya umeme.

Gitaa la umeme hufanyaje kazi? Chini ya nyuzi huwekwa pikapu, wala hatusemi habari za gari. Pikapu hii ni sumaku iliyozungukwa na waya wa shaba, mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika karibu na sumaku, umeme hafifu huzaliwa ndani ya waya ule. Umeme huo hupelekwa kwenye amplifaya, yaani mtambo ukuzao sauti, nao hutoka katika spika ukiwa sauti kubwa.

Basi magitaa ya umeme ni ya namna tatu. La kwanza lina mvungu mtupu. Ni jepesi, na sauti yake ni tamu na ya joto. Lakini sauti kubwa ya spika hurudi na kuutikisa mwili wa gitaa, nyuzi nazo hutikisika upya, pikapu ikapeleka sauti ile tena kwenye spika, na mzunguko huo huzaa mlio mkali uumizao masikio. La pili ni la ubao mtupu usio na mvungu. Halipigi mlio upesi, lakini mengine ni mazito, yafikayo kilo 4 na nusu au zaidi. La tatu ndilo la mvungu nusu, lililo katikati ya hayo mawili.

Asili yake ni hii. Mnamo mwaka 1940 hivi, Mmarekani aliyeitwa Les Paul alitwaa gogo la msonobari, akalitia shingo, nyuzi na pikapu, kisha akabandika pande mbili za gitaa la mvungu kulia na kushoto, lipate sura ya gitaa. Mwaka 1958 kampuni ya Gibson, mjini Kalamazoo, ilitoa gitaa liitwalo ES-335. Mwili wake ni mwembamba, unene wa sentimita 4 na nusu hivi. Mbavu zake zina mvungu na matundu mawili marefu yaliyopindwa. Lakini katikati, chini ya pikapu na daraja la nyuzi, limepita gogo la mti toka mwanzo hadi mwisho. Watu wa Guta waufahamu mkuku wa mtumbwi, ubao ule mnene wa chini ushikao mbao zote. Gogo hili ni mkuku wa gitaa: huzuia mlio, na mbavu zenye mvungu hupunguza uzito na kuilainisha sauti. Tangu siku hizo viwanda vingi vimefuata mfano huo, vingine kwa bei nafuu.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Jambo la kwanza ni uzito. Usiulize tu, pima. Mizani ipimayo samaki mwaloni yatosha kabisa. Magitaa mengi ya mvungu nusu yana kilo 3 na nusu hadi 4. Ukipata la kilo 3 hadi 3 na nusu, hilo ni jepesi kweli. Kisha livae kwa mkanda, usimame, uachie mikono yote miwili. Shingo ikianguka chini yenyewe, gitaa halina mizani njema, na mkono wako wa kushoto utafanya kazi ya kuinua usiku kucha badala ya kupiga. Mkanda mpana wa ngozi husaidia kidogo, kwa kuwa hushika bega.

Jambo la pili, hakikisha kwamba gogo limo. Magitaa mengine, kama Epiphone Casino lililotoka mwaka 1961, yana sura ile ile na matundu yale yale, lakini ndani ni mvungu mtupu. Nayo ni mazuri na mepesi sana, ila hupiga mlio mapema. Mulika kurunzi ndani ya tundu, utaliona gogo au utaona uwazi hadi upande wa pili.

Jambo la tatu ni shingo, nayo ni kubwa kuliko yote, kwa sababu pikapu hubadilishwa lakini shingo mbovu ni hasara. Bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na pale shingo iungapo mwili, kisha tazama katikati. Uwazi kati ya uzi na freti uwe mdogo, kama unene wa karatasi. Ukiwa mkubwa, shingo imepinda. Huenda fundi akainyosha kwa kuzungusha fimbo ya chuma iliyofichwa ndani yake, kidogo kidogo, lakini mwulize kabla hujalipa. Chunguza pia nyuma, pale kichwa cha gitaa kiungapo shingo. Hapo mti ni mwembamba, nao huvunjika gitaa likianguka. Rangi mpya mahali hapo pekee ni dalili ya jeraha lililofichwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nasi twasema, usiponunua ufa, hutakuwa na cha kuziba.

Mwisho, unganisha amplifaya, uzungushe vifungo vyote na kutikisa waya mahali uingiapo. Kwaruzo si kosa kubwa, ila ni neno la kupunguza bei. Wala usiridhike na jina lililoandikwa kichwani, maana majina makubwa huigwa. Jina haliimbi, mti na nyuzi ndivyo viimbavyo.

Tuseme umekwisha kulipata, nawe wataka kulifanya bora. Wengi hukimbilia kununua pikapu mpya, nao huanzia mwisho. Anza na nyuzi. Badilisha nyuzi zilizoshika kutu, kisha rekebisha daraja. Piga uzi ukiugusa tu juu ya freti ya kumi na mbili, kisha upige ukiubonyeza pale pale. Sauti hizo mbili yapasa ziwe moja. Ya pili ikiwa juu, sogeza kipande cha daraja nyuma, uurefushe uzi. Ikiwa chini, sogeza mbele. Kazi hii haigharimu kitu ila bisibisi na subira, nayo huponya magitaa mengi ambayo wenyewe waliyadhania mabovu.

Pili, tazama kile kipande cha mfupa au plastiki kilicho mwanzo wa shingo, chenye mifereji ya nyuzi. Uzi ukinasa mferejini, gitaa hupoteza sauti yake kila uuvutapo. Watu hulaumu vigingi vya kukazia nyuzi, na kumbe kosa ni mfereji mwembamba. Kipande cha mfupa kilichochongwa vema ni tengenezo la bei ndogo lenye faida kubwa. Ikiwa vigingi vyenyewe vimelegea, nunua vyepesi. Vigingi vizito huongeza uzito wa kichwa, na gitaa jepesi lililokuwa sawa begani huanza kuangusha shingo.

Tatu, shimo la waya na vifungo vya sauti. Katika magitaa mengi ya namna hii shimo la waya limefungwa kwenye ubao mwembamba wa usoni, na mtu akiukanyaga waya, ubao hupasuka. Pitisha waya nyuma ya mkanda kabla ya kuuingiza, na hatari hiyo itapungua sana. Kubadilisha vifungo ni kazi ya kuchosha, kwa kuwa gitaa halina mlango nyuma. Kila kitu huingia na kutoka kwa tundu la usoni. Fundi mwerevu hufunga uzi mrefu kwa kila kifungo kabla ya kukisukuma ndani, kisha baadaye hukivuta kwa uzi ule ule hadi mahali pake. Tena huchora kwanza kwenye kadibodi mahali pa kila kifungo, akalehemu waya zote huko nje, ndipo akaziingiza.

Pikapu zije mwisho. Pikapu ya koili moja ina sauti angavu, lakini hunasa mvumo wa umeme, hasa karibu na jenereta na taa. Mnamo mwaka 1955 Seth Lover wa Gibson alibuni pikapu ya koili mbili zilizopangwa kinyume, hata mvumo ule hujifuta wenyewe huku sauti ya nyuzi ikibaki. Kwa dansi lenye umeme wa jenereta, koili mbili ndizo tuzipendazo.

Na sasa neno lililo zito kuliko yote. Nyuzi za gitaa la umeme zimeungwa kwa waya na chuma cha amplifaya. Kwa hiyo amplifaya ikiwa na hitilafu, na waya wake wa ardhi umekatwa, umeme waweza kufika vidoleni mwa mpigaji. Akigusa maikrofoni iliyofungwa kwenye mtambo mwingine, umeme hupita mwilini mwake toka mkono mmoja hadi mdomo au mkono wa pili. Mwaka 1972, mjini Swansea katika Uingereza, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani alipogusa maikrofoni ambayo haikuwa na waya wa ardhi. Ikiwa jambo hilo lilitokea katika ukumbi wa mji, itakuwaje ufukoni, ambako mpigaji husimama juu ya mchanga wenye maji?

Basi shikeni kanuni hizi. Msikate kamwe mguu wa tatu wa plagi, wala waya wa ardhi, hata kama mvumo utapungua. Mitambo yote ya bendi ichukue umeme mahali pamoja, penye waya wa ardhi ulio mzima, tena penye swichi ikatayo umeme unapovuja. Mpigaji avae viatu vikavu, na jukwaa liwe la mbao. Mtu akihisi mchomo mdogo midomoni, asicheke na kuendelea. Muziki usimame, umeme uzimwe, fundi aitwe. Tena amplifaya itokayo Marekani, iliyotengenezwa kwa volti 120, isichomekwe katika volti 230 za Tanzania pasipo transfoma, maana itaungua mara moja.

Utunzaji nao ni rahisi. Pangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila umalizapo, kwa sababu jasho na unyevu wa ziwa huleta kutu. Usiliache gitaa juani wala juu ya basi, gundi isije ikalegea. Likisafiri kwa pikipiki, liwe katika mfuko mnene, nalo livaliwe mgongoni, kichwa juu.

Kwa ufupi, ndugu zetu: nunueni shingo iliyonyoka na uzito ambao bega lenu litauchukua hadi asubuhi; tengenezeni vidogo kabla ya vikubwa; na waya wa ardhi uwe wa kwanza kutazamwa kila mnapofunga mitambo. Dansi huisha alfajiri, na mpigaji arudi nyumbani salama, gitaa lake mgongoni.