Tofauti ya Wastani: Ni ya Mbinu au ya Bahati?

Mwalimu mwanafunzi arejeapo kutoka mazoezi ya kufundisha, mara nyingi hutuletea habari ya furaha: watoto aliowafundisha kusoma kwa silabi wamepata wastani mkubwa kuliko wale waliofundishwa kwa neno zima, basi silabi ni bora. Nasi humwuliza: je, makundi hayo yasingetofautiana hata kama mbinu zote mbili zingekuwa na nguvu sawa?

Yangetofautiana, kwa kuwa watoto hawalingani. Ndiyo maana twaanza na nadharia tete isemayo kwamba hakuna tofauti, kisha twaipima kwa jaribio la t. Msingi wa jaribio hili uliwekwa na W. S. Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, aliyechapisha makala yake mwaka 1908 kwa jina la "Student". Shida yake ilikuwa kama yetu: sampuli ndogo.

Tuseme watoto 20 wamegawanywa kwa kura, 10 kila kundi. Wastani wa silabi ni 14, wa neno zima ni 12. Vipeo vya pili vya mikengeuko sanifu ni 6 na 4. Twagawanya kila kimoja kwa 10 na kujumlisha: 0.6 + 0.4 = 1, ambayo kipeuo chake cha pili ni 1. Tofauti ya wastani, yaani 2, ikigawanywa kwa 1, t ni 2. Digrii za uhuru ni 10 + 10 − 2 = 18. Kwa kiwango cha 0.05, pande zote mbili, jedwali ladai 2.101. Hatukufika, hatuwezi kuikataa nadharia tete.

Hapa ndipo wengi huteleza. Kutoikataa si kuthibitisha kwamba mbinu ni sawa. Ni kukiri kwamba ushahidi hautoshi. Kila kundi lingekuwa na watoto 20, kwa wastani na mikengeuko ileile, t ingekuwa 2.83, nalo jedwali lingedai 2.02 tu.

Aidha, makundi yawe mbalimbali kweli. Watoto walewale wakipimwa kabla na baada ya somo, hilo ni jaribio jingine. Na kundi moja likifundishwa asubuhi, jingine alasiri watoto wakiwa na njaa, t hata ikiwa 5 haitatuambia kama ni silabi iliyoshinda au ni uji.