Pikipiki Ndefu, Mpandaji Mfupi

Wanachama wetu, kila tunapozungumza juu ya karafuu hapana budi kuzungumza juu ya njia, maana karafuu isiyofika kituoni haina bei. Siku hizi mzigo mwingi wa shamba hubebwa kwa pikipiki, na bwana shamba au bibi shamba naye huja kwa pikipiki. Basi leo twataka kutazama jambo dogo linaloweza kumvunja mtu mguu: kiti kilicho juu kuliko mguu wa mpandaji.

Mfano wetu twautoa bara, katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoa wa Manyara, mkoa uliotolewa katika Arusha mwaka 2002. Mbulu ni nchi ya juu yenye vilima na mabonde, na watu wake hulima mahindi, maharage, ngano na vitunguu saumu. Hanang iko chini ya mlima wenye jina hilohilo, unaopita mita 3,400, na makao yake makuu ni Katesh. Barabara ya lami kutoka Babati kwenda Singida yapita Katesh, lakini ukishaiacha lami wakutana na udongo, mawe na makorongo ya mvua. Mwezi wa Desemba 2023 maji na matope yalishuka kutoka mlimani yakafunika nyumba na njia za Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafariki. Katika nchi kama hiyo, muuguzi wa chanjo, bwana mifugo na bibi shamba huhitaji pikipiki ya porini, yenye magurudumu makubwa na springi ndefu.

Hapo ndipo penye taabu. Pikipiki ya namna hiyo imefanywa ndefu makusudi, ili tumbo la injini lisigonge jiwe. Kiti chake mara nyingi huwa sentimita 80 hata 90 kutoka chini, na nyingine hupita hapo. Mtu wa kimo kifupi hugusa ardhi kwa ncha za vidole tu. Pikipiki ikiwa yaenda, hapana neno. Khatari huja inaposimama: njia imeinama, mzigo uko nyuma, na mguu watafuta ardhi hauipati. Chombo cha kilo 100 na zaidi kikishainama kupita kiasi hakizuiliki kwa mikono; humlalia mtu mguuni, na bomba la moshi likamchoma. Ofisi ikinunua pikipiki kwa kimo cha mrefu, afisa mfupi ataiacha bandani, na mkulima wa mbali ndiye atakayekosa mgeni.

Dawa zipo, na twazitaja moja moja.

Kwanza ni kiti chenyewe. Fundi wa viti afungue ngozi na akate sponji sentimita 2 au 3, kisha ayapunguze mabega ya kiti upande wa mbele, mapaja yanapokaa. Watu wengi husahau hayo mabega. Kiti kipana huitanua miguu nje, na mguu uliotanuka haufiki chini. Kikiwa chembamba, mguu hushuka wima. Faida kubwa ya njia hii ni kwamba tumbo la injini hubaki palepale. Ubaya wake ni kukaa pagumu, kwa hiyo fundi asikate mpaka akafika kwenye bati.

Pili ni springi ya nyuma. Shokapu nyingi zina pete ya kukaza na kulegeza springi. Ikilegezwa, pikipiki hulala zaidi mtu anapokaa. Hii haina gharama ila spana, lakini haimfai mchukuzi wa magunia. Springi iliyolegea ikipakiwa mzigo hugonga mwisho wake kwenye kila shimo.

Tatu, pikipiki zenye shokapu moja ya katikati mara nyingi huwa na vipande vya chuma vinavyoiunganisha na mkono wa gurudumu la nyuma. Katika nyingi za namna hiyo, vipande virefu zaidi huteremsha nyuma. Ukiteremsha nyuma, sharti uteremshe na mbele kwa kiasi kinacholingana, kwa kulegeza vibano vya chini ya usukani na kuzipandisha shokapu za mbele ndani yake. Nyuma ikishuka peke yake, usukani huwa mwepesi na mvivu kugeuka. Mbele ikishuka peke yake, usukani hutapatapa. Kabla ya kupanda, ibonyeze mbele mpaka mwisho, uhakikishe kwamba gurudumu haligusi madigadi.

Baada ya kazi hiyo ya tatu, tazama mambo matatu. Stendi ya ubavuni sasa ni ndefu mno. Pikipiki itasimama wima na kuanguka kwa upepo, basi ikatwe na kuungwa kwa kiasi chake. Mnyororo upimwe upya. Na ikumbukwe kwamba kila sentimita uliyoshusha umeitoa pia chini ya injini. Kwa mawe ya Mbulu hiyo ni hasara kubwa, na kwa mizizi ya mikarafuu vilevile.

Kwa hiyo shauri letu kwa wanachama ni hili: anza na kiti, na mara nyingi kiti kitatosha. Kisha jifunze kusimama kwa mguu mmoja. Sogeza nyonga upande wa kushoto, uteremshe mguu wa kushoto wote, na mguu wa kulia ubaki juu ya breki. Njia ikiwa imeinama, simama mahali ambapo ardhi iliyo juu iko upande wa mguu unaoteremsha. Gunia lifungwe chini na karibu na mgongo wako, lisifungwe juu na nyuma. Mwenye kutaka kumwazima mwanawe au bibi shamba pikipiki yake, ampime kwanza akiwa amekaa juu yake, bila mzigo na tena na mzigo, mahali pa tambarare. Asipofikisha hata wayo mmoja, kazi ya fundi ifanywe kabla ya msimu wa kuchuma haujaanza.