Shabu, Maji na Ukimya: Funzo la Camelford

Wasomaji wengi waliokulia nyumbani wanaijua shabu: lile jiwe jeupe ambalo wazee hulizungusha katika mtungi wa maji ya tope, na baada ya muda tope likatuama chini. Shabu ni chumvi ya alumini, na mitambo mingi ya maji hapa Uingereza hutumia dawa ya jamii hiyo hiyo. Dawa hukusanya uchafu, uchafu huzama na kuchujwa, na alumini karibu yote huondoka nao. Kiwango kinachoruhusiwa bombani ni miligramu 0.2 kwa lita moja.

Tarehe 6 Julai 1988, katika mtambo wa Lowermoor karibu na mji wa Camelford, Cornwall, dereva asiyepazoea mahali hapo hakumkuta mtu. Akamimina tani 20 za salfeti ya alumini katika tangi lisilo lake, lenye maji yaliyokwisha kusafishwa. Mtambo huo ulihudumia watu wapatao 20,000. Maji yakageuka tindikali, yakayeyusha shaba na risasi ya mabomba. Watu wakatapika, wakaharisha, wakatoka vidonda vinywani.

Kosa la dereva lilikuwa la dakika chache. La wakubwa lilidumu siku 16. Waliolalamika waliambiwa maji ni salama, hata wakashauriwa kuyachanganya na maji ya machungwa ili kuficha ladha. Tangazo la kweli lilitoka gazetini tarehe 22 Julai. Mficha maradhi kifo humuumbua: mwaka 1991 mamlaka ya maji ilitozwa faini mahakamani, na mwaka 2013 serikali ikaomba radhi. Mwaka huo wataalamu wake walisema madhara ya kudumu hayaelekei kutokea. Wapo wakazi ambao hawakuridhika.

Sisi tuliozoea kuchemsha maji tukumbuke kwamba moto huua vijidudu, hauondoi alumini. Maji yakibadilika ladha, rangi au harufu, tusiyanywe wala tusiwapikie watoto. Tuyatie kidogo katika chupa safi, tuandike siku na saa, kisha tupige simu kwa kampuni kwa nambari iliyo kwenye ankara. Tusiporidhika, Uingereza na Wales wapo wakaguzi wa serikali wa maji ya kunywa tangu mwaka 1990. Asiyejiamini kwa Kiingereza amwombe jirani amsemee. Ugeni si sababu ya kunyamaza: anayelipia maji ana haki ya kuuliza anakunywa nini.