Ethi ya Gari na Kelele za Redio katika Magari ya Zamani

Maana ya ethi
Mkondo wa umeme hupita pale tu sakiti inapokamilika. Katika gari, waya hupeleka umeme kutoka ncha chanya ya betri hadi kwenye taa, honi au stata. Njia ya kurudi ni chuma cha bodi na injini, vilivyounganishwa na ncha hasi ya betri kwa waya mnene. Njia hiyo ndiyo ethi ya gari. Usiichanganye na ethi ya nyumba, ambayo huzikwa ardhini. Gari husimama juu ya matairi ya mpira.

Angalizo: Katika baadhi ya magari ya zamani ya Uingereza, kama Land Rover Series I, ncha chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Redio ya kisasa ikifungwa humo bila kuchunguza, inaweza kuungua.

Kwa nini ethi huharibika
Kutu, rangi, boliti iliyolegea na waya uliokatika nyuzi huongeza ukinzani. Injini nayo hukaa juu ya raba, hivyo huhitaji waya wake wa kuiunganisha na bodi.

Mfano
Stata inatumia mkondo wa ampea 150. Waya wa ethi wenye kutu una ukinzani wa omu 0.02. Tafuta volti na nguvu zinazopotea.

V = I × R = 150 × 0.02 = volti 3
P = I × V = 150 × 3 = wati 450

Kati ya volti 12, stata inapata 9 tu, na wati 450 zinageuka joto kwenye kiungo hicho. Ndiyo maana injini huzunguka kwa uvivu na waya huwa wa moto. Wengi hununua betri mpya, kumbe tatizo ni boliti yenye kutu.

Kelele za redio
Zipo za aina mbili, nazo hutofautishwa kwa mlio.

1. *Mlio wa ta-ta-ta.* Hutoka kwenye cheche za plagi. Heinrich Hertz alionyesha mnamo 1887 na 1888 kwamba cheche hutoa mawimbi ya redio. Hivyo kila plagi ni kituo kidogo cha kurusha matangazo. Mawimbi hayo huingia kupitia antena. Redio ya AM huathirika zaidi ya FM, kwa sababu ujumbe wake umo katika ukubwa wa wimbi, na cheche huvuruga ukubwa huo.
2. *Mluzi unaopanda injini inapoongezwa kasi.* Hutoka kwenye alterneta. Dayodi hugeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu, lakini mawimbi madogo hubaki. Redio ikitumia ethi moja mbovu na alterneta, mawimbi hayo huingia kwenye spika.

Tiba
- Safisha viungo vya ethi kwa msasa hadi chuma king'ae, kisha kaza.
- Unganisha boneti na bodi kwa waya, ili chuma chake kizuie mawimbi.
- Tumia waya za plagi zenye ukinzani.
- Funga kapasita kwenye alterneta. Hupitisha mawimbi madogo kwenda ethi.

Maswali ya kujipima
1. Injini ya mipigo minne yenye silinda 4 inazunguka mara 3,000 kwa dakika. Hutoa cheche ngapi kwa sekunde?
2. Ukiwasha indiketa, taa ya breki nayo inapepesa. Eleza.
3. Kwa nini fundi hufungua kwanza waya wa betri ulioungwa na bodi?

Majibu
1. Kila silinda hutoa cheche 1 kwa mizunguko 2: (3,000 ÷ 2) × 4 = 6,000 kwa dakika, yaani 100 kwa sekunde.
2. Ethi ya taa hizo ni mbovu, hivyo mkondo hurudi kwa kupitia taa ya breki.
3. Spana ikigusa bodi wakati huo, hakuna hatari. Akianza na waya mwingine, spana ikigusa bodi husababisha shoti.