Nyamata: mji uliokimbiwa sasa unakimbiliwa

KILA siku ya kazi, saa 11 alfajiri, napanda basi hapa Nyamata kwenda kufundisha Kigali. Ni mwendo wa kilomita 30 hivi: tunavuka daraja la Nyabarongo, tunapanda Gahanga hadi stendi ya Nyanza, Kicukiro. Ndani wamejaa mafundi ujenzi, wauguzi na makarani, wengi wanasinzia.

Shangazi yangu, ninayeishi kwake, hawaelewi kabisa watu wanaogombania viwanja hapa. Yeye hakuja kwa hiari. Baada ya machafuko ya 1959, Watutsi waliofukuzwa makwao, wengi wakitoka kaskazini, walipakiwa kwenye malori wakati wa utawala wa Wabelgiji na kushushwa Bugesera, pori lenye mbung'o. Jina la mji lina neno amata, yaani maziwa. Maziwa yenyewe, anasema shangazi, hawakuyaona kwa miaka mingi.

Desemba 1963 wakimbizi wenye silaha walivamia kutoka Burundi. Waliporudishwa nyuma, waliolipa ni raia wa Bugesera. Baba akakimbilia Tanzania, dada yake akabaki. Mauaji yakarudi Machi 1992, na mwaka 1994 maelfu waliojificha katika kanisa la Nyamata waliuawa humo. Kanisa hilo sasa ni kumbukumbu, na mwaka 2023 liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Shangazi alinusurika kwenye mafunjo ya kinamasi. Hasimulii, nami siulizi.

Mimi nilisoma Karagwe kwa Kiswahili. Niliporejea mwaka 1999 na cheti changu cha kidato cha nne, barabara ilikuwa ya vumbi. Wakati wa kiangazi ulifika Kigali nywele nyekundu. Lakini mji ulikuwa na watu wengi waliotoka Burundi, na sokoni Kiswahili changu kilinisaidia kuliko Kinyarwanda changu kibovu.

Lami ndiyo iliyogeuza mambo. Kisha mwaka 2017 ulianza ujenzi wa uwanja mpya wa ndege wa Bugesera, na madalali wakawa wengi kuliko mbung'o wa zamani. Mfanyakazi wa Kigali aliyechoshwa na kodi anapata hapa nyumba yenye ua na mahali pa kupanda mchicha. Wafanyabiashara wanaijua njia hii kwa sababu nyingine: inaendelea hadi Nemba, mpakani. Burundi ilipofunga mpaka Januari 2024, jirani yangu aliyekuwa akienda Kirundo alibaki na mizigo ndani, akahamishia meza yake soko la Nyamata.

Kiangazi kilichopita dalali alikuja kwetu, akapima kiwanja kwa hatua, akataja bei. Mshahara wangu wa ualimu hauwezi kununua hata robo yake. Shangazi akamjibu kwamba hapa aliletwa kwa lori, na hataondolewa kwa noti.

Nimepiga hesabu kimyakimya: kipande kidogo tu kingesomesha wanangu wawili hadi chuo kikuu. Sijamwambia. Jumamosi nilimkuta akipanda mihogo palepale alipopita yule dalali, akanipa jembe nimsaidie.