Mwanamke wa Maneno Aliyeigiza Kimya

Mama mdogo alikuwa anachambua dagaa. Ungo uko mapajani, simu yangu tumeiegemeza kwenye kopo la mafuta ya kula, na filamu ilikuwa imeshafika mbali kabla hajaitazama sawasawa. Alikuwa akiisikiliza tu, kama mtu anavyosikiliza redio akiwa na kazi mkononi. Ghafla akainua kichwa.

"Huyu mbona hasemi?"

Nikamwambia ni mgonjwa, anaitwa Samehe. Utotoni alimwona mama yake akifa kwa moto, na sasa yuko hospitali ya magonjwa ya akili, hajatamka neno kwa miaka mingi. Mama mdogo akauweka ungo chini. Hakuuinua tena mpaka filamu ilipoisha, na dagaa wale tulikuja kuwamaliza usiku kwa mwanga wa tochi, huku Mto Mirongo ukipita chini yetu na harufu yake tuliyoizoea sisi wa Mabatini, jijini Mwanza.

Filamu yenyewe ni Maangamizi, ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill. Ndiyo ya kwanza Tanzania kuipeleka kuwania tuzo ya Oscar katika kundi la filamu za lugha za kigeni, na baada yake tulikaa mpaka 2022 ndipo tukapeleka ya pili, Vuta N'Kuvute. Daktari Asira, Mmarekani mweusi aliyekuja kutibu wagonjwa nchini, ameigizwa na BarbaraO. Samehe ameigizwa na Amandina Lihamba.

Hapo ndipo nilipokosa usingizi. Jina la Lihamba nilikuwa nalijua, lakini nililijua kwenye jalada la kitabu. Ni profesa wa sanaa za maonyesho aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mtunzi wa Hawala ya Fedha na Mkutano wa Pili wa Ndege, na mmoja wa wanawake watatu walioandika Harakati za Ukombozi pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Tena ndiye aliyeanzisha, yeye na huyo huyo Penina, ambaye wengi tunamjua pia kama Profesa Mlama, mpango wa wasichana wa sekondari ulioitwa Tuseme. Mtu aliyewaambia wasichana wa nchi hii waseme, tunamkuta kwenye filamu kubwa ya maisha yake akiwa ndiye asiyesema.

Nimeirudia sehemu yake mara nyingi kuliko nilivyopanga. Mwigizaji mwenye maneno ana pa kushika. Akipotea, sentensi itamrudisha njiani. Akichoka, sauti itambeba. Asiye na maneno amebakiwa na shingo, macho na pumzi, na kosa lolote litaonekana. Filamu zetu nyingi zimetuzoesha huzuni ya kelele: mtu analia, muziki unalia naye, jirani anaingia naye analia. Lihamba hafanyi hivyo. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu filamu ilipotoka, amekwisha kuandika na kufundisha na kuongoza maonyesho kwa miongo kadhaa, naye akakubali kuweka maneno yote chini. Siamini kama mwigizaji mchanga angethubutu kutulia kiasi kile.

Nilijaribu kumweleza mama mdogo jambo hili kwa lugha ya kisomi kidogo. Alinikatisha.

"Anasema sana huyo, mwanangu. Ila hamna mtu pale anayejua kumsikiliza."

Anajua anachosema. Mwaka 1991, akiwa darasa la saba, mama mdogo alipata mimba. Jina lake lilikatwa kwenye rejista ya mahudhurio kwa wino mwekundu. Mwenzake aliyekuwa akikaa naye dawati moja ndiye aliyeuona mstari huo akaja kumwambia. Nyumbani babu alimuuliza ni nani. Hakumjibu. Bibi alimuuliza kwa upole, hakumjibu vilevile. Alikaa kimya karibu mwaka mzima, akiteka maji, akipika, akinyonyesha, wala hakuwa bubu. Alizaliwa mwanamume ambaye leo ana familia yake Igoma, na jina la baba halijatajwa mpaka kesho.

Nilipoanza kuifuatilia kazi ya Lihamba sikutegemea kwamba itanileta karibu na nyumbani hivi. Lakini ilinileta. Mwaka 1982 wahadhiri watatu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikuja Malya, wilayani Kwimba, katika mkoa wetu huu. Kazi yao iliendelea hadi 1983. Hawakuja na tamthiliya iliyoandikwa tayari. Walikaa na wanakijiji wakauliza kinachowasumbua, na miongoni mwa yaliyotajwa ni vijana kukosa shughuli na watoto wa kike wa shule kupata mimba. Kisha vijana wenyewe wakatengeneza onyesho kwa ngoma na nyimbo na maigizo, wakalicheza mbele ya kijiji, na baada ya onyesho kijiji kikakaa kujadili kilichoonekana.

Anayeijua Usukuma anajua kwamba mbegu hiyo ilipata udongo wake. Huku watu hawakungoja chuo kikuu kije kuwafundisha maonyesho. Tuna Bagika na Bagalu wanaoshindana kwa ngoma kila msimu wa Bulabo pale Bujora, kila upande na dawa zake, mafumbo yake na vijembe vyake kwa wapinzani. Tuna bugobogobo inayochezwa na majembe. Tuna wigashe, ambayo wachezaji hucheza wamekaa, na wimbo ndio unaosema yale ambayo ukiyasema barazani utagombana na mtu. Kipya kilichokuja Malya kilikuwa ruhusa ya kulisimamisha tatizo la kijiji katikati ya uwanja, na mwenye tatizo akiwepo.

Ili kuona ukubwa wa jambo hilo, kumbuka miaka yenyewe. Azimio la Arusha lilikuwa limetimiza miaka kumi na mitano. Ngonjera, kwaya na ngoma zilikuwa nyingi kuliko wakati mwingine wowote, ila nyingi zilikuwa za kupokea viongozi na kueleza siasa ya chama. Lihamba aliichunguza hali hiyo kwa kina. Shahada yake ya uzamivu, aliyoipata Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, mwaka 1985, ilihusu siasa na sanaa za maonyesho Tanzania baada ya Azimio, kuanzia 1967 hadi 1984. Kwa hiyo nadhani hata alipokuwa Malya alikuwa ameshaanza kuona kwamba jukwaa linaweza kujaa sauti na mwananchi asisikike.

Ukiisoma Hawala ya Fedha ukiwa na hilo akilini utaona limo. Tamthiliya hiyo ya 1980 ameitoa kwenye hadithi ya Ousmane Sembène wa Senegal: mtu anapokea hawala kutoka kwa ndugu aliye ughaibuni, pesa ni halali na zimefika, ila hawezi kuzichukua kwa sababu hana kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, cheti kinataka tarehe, na kila dirisha linampeleka dirisha jingine. Siku hizi hapa Mabatini wakala wa pesa yuko kila hatua chache, na hawala inaingia kwenye simu kabla hujamaliza kumshukuru aliyeituma. Lakini mzee ambaye namba yake ya NIDA haijatoka, na laini amesajiliwa na mjukuu aliyehama, bado atasimama pale dirishani akijieleza, na foleni nyuma yake ikimwambia asogee.

Hata kundi la maigizo ambalo Lihamba alikuwa nalo pamoja na wenzake wa chuoni miaka ya themanini liliitwa Paukwa. Neno hilo halikamiliki mpaka wasikilizaji waitike.

Mwaka 1996 Tuseme ikaanza. Hatua zake mtu wa Malya angezitambua: wasichana wanataja wenyewe yanayowakwamisha shuleni, wanajadili chanzo, wanatengeneza igizo, wanalicheza mbele ya walimu na wazazi, halafu panatafutwa suluhisho. Baadaye FAWE, jukwaa la wanawake waelimishaji wa Afrika, liliuchukua mpango huo na kuupeleka nchi nyingine za bara hili. Tofauti ninayoiona na Malya ni moja, nayo ni kubwa: safari hii msichana ndiye aliyetangulia kuulizwa. Je, kule Malya wale mabinti waliopata mimba walipata nafasi ya kusema kwa midomo yao, au walisemwa na kaka zao na wazee? Swali hili nimezunguka nalo wiki nzima.

Sheria nayo imekwenda polepole. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi, na mwaka uliofuata Rais wa wakati huo akatamka wazi kwamba aliyejifungua hatarudi shule ya serikali. Ni Novemba 2021 tu ndipo Waraka wa Elimu Namba 2 ulipofungua mlango arudi. Kutoka uwanja wa Malya hadi waraka huo ni karibu miaka arobaini. Katikati yake wino mwekundu umekata majina mangapi?

Nilimsomea mama mdogo haya yote Jumapili, mahali palepale, safari hii bila dagaa. Nikamuuliza: kama Tuseme ingekuwepo shuleni kwenu mwaka ule, ungesimama useme?

Alifikiri kwa muda mrefu. Chini yetu mtu alikuwa akigonga bati jipya, na sauti ilikuwa ikirudi kwenye mawe ya mlima.

"Labda. Na labda nisingesema. Si kila kitu cha kusimamia mbele za watu, mwanangu. Ila ningependa niulizwe. Mimi niliulizwa ni nani tu. Hakuna aliyeniuliza ilikuwaje."

Sikuwa na la kumjibu. Nafikiri jibu lake lingempendeza Lihamba, maana tangu filamu ile naamini anaujua upande huo pia, upande wa mtu ambaye kimya chake ndicho kitu pekee alichoachiwa akimiliki. Mwandishi asiyeujua angempa Samehe hotuba. Yeye alikaa ndani ya kimya hicho mpaka mchambua dagaa wa Mabatini akaacha kazi yake.

Linalonisikitisha ni hili. Habari za Malya zimehifadhiwa vizuri, lakini zimo katika kitabu cha Kiingereza alichokiandika Mlama, kilichochapishwa Uppsala, Sweden, mwaka 1991. Nani Kwimba atakipata? Vijana walioshika ngoma zile sasa wana miaka zaidi ya hamsini, na wengine sitini. Wengine wamekwisha kwenda. Mabinti waliokuwa ndio chanzo cha mjadala ni bibi za watu, na mjukuu wa mmoja wao huenda yuko sekondari leo bila kujua kwamba kijiji kizima kiliwahi kukaa chini kwa ajili ya bibi yake.

Kwa hiyo naomba. Kama ulikuwa Malya mwaka 1982 au 1983, ukacheza, ukaimba, ukatazama, ukakasirika ukaondoka, au kama ni wewe uliyekuwa ukizungumzwa, wasiliana na chumba cha habari cha gazeti hili. Si lazima useme jina, wala si lazima useme yote. Nitakuja mwenyewe, na mama mdogo amesema tutakwenda naye.