Mirihi na hesabu ya hewa (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu iliyopita tuliona kwa nini Mirihi, wala si Zuhura, ndiyo inayotajwa kwanza kila panapozungumzwa makazi ya binadamu nje ya Dunia: siku yake ina saa 24 na dakika 39, barafu ya maji ipo, na ardhi yake inakanyagika. Sasa tuingie kwenye kiini cha jambo. Tangu Carl Sagan alipoandika juu ya suala hili mwaka 1973, na hasa baada ya makala ya Robert Zubrin na Christopher McKay ya mwaka 1993, mpango unaorudiwa ni huu: Mirihi ipashwe joto kidogo, barafu ya hewa ukaa iliyo kwenye ncha zake igeuke gesi, gesi hiyo izuie joto lisipotee, na joto hilo nalo litoe gesi zaidi, mpaka sayari nzima ipate angahewa nzito. Kimantiki mpango huu hauna ila. Unakwama kwa sababu malighafi yenyewe haitoshi.

Mwaka 2018 Bruce Jakosky na Christopher Edwards walichukua vipimo vya takriban miaka 20 vya vyombo vya anga, wakajumlisha hewa ukaa yote inayofikika: ya kwenye ncha, iliyonata kwenye udongo, na iliyofungika ndani ya miamba. Kanieneo ya hewa usawa wa bahari hapa kwetu ni milibari 1,013. Ya Mirihi leo ni kama 6. Kwa makadirio yao, jitihada zote hizo zingeifikisha 20 tu, na joto lingepanda kwa chini ya nyuzi 10, kwenye sayari ambayo wastani wake ni kama nyuzi 60 chini ya sifuri. Tujiulize milibari 20 zina maana gani kwa mwili. Kanieneo ikishuka chini ya 63 hivi, maji huchemka kwa nyuzi 37, yaani joto letu wenyewe. Mtu akisimama nje bila suti ya anga, mate yangemchemka ulimini na machozi machoni, hata akiwa na mtungi wa oksijeni mgongoni.

Wako wanaosema tatizo ni kwamba Mirihi haina uga wa sumaku, hivyo hewa yoyote itakayotengenezwa itapeperushwa na jua. Hoja hiyo imekuzwa kupita kiasi. Chombo cha MAVEN, kilichofika huko mwaka 2014, kilionyesha kwamba hewa inatoroka kwa takriban gramu 100 kwa sekunde, kiasi ambacho kwa angahewa ya sayari ni kidogo mno. Hewa nyingi ilikwisha kupotea mabilioni ya miaka iliyopita. Hasara ya leo si ya kutuzuia. Hoja yenye uzito zaidi ilikuja mwaka 2024, watafiti walipopendekeza kurusha angani chembe za chuma na alumini zinazonasa joto, ambazo zingeongeza zaidi ya nyuzi 30. Huenda zikafaulu. Lakini kupasha joto ni kazi moja, na kuongeza hewa ni nyingine. Kuhusu oksijeni, kifaa cha MOXIE kilichokuwa ndani ya gari la Perseverance kilitengeneza gramu 122 kwa jumla, ambazo mtu mmoja angezimaliza kwa saa tatu na ushei.

Ndiyo maana naona njia ya Robin Wordsworth na wenzake, ya mwaka 2019, ina busara zaidi: kufunika eneo dogo kwa tabaka la erojeli ya silika lenye unene wa sentimita 2 hadi 3, linalopitisha mwanga, kuzuia miale ya urujuanimno na kuyeyusha barafu iliyo chini yake. Mimea ingeanza hapo. Watu bado wangehitaji nyumba zilizofungwa. Atakayesema huku ni kukata tamaa aangalie faida yake. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unazitaka nchi ziepuke kuchafua sayari nyingine, na eneo dogo linaweza kuchunguzwa na hata kufungwa. Vijidudu vya Dunia vikishasambazwa na upepo wa sayari nzima, havikusanyiki tena. Ugumu uko kwenye kuchagua mahali. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kilifukua barafu sentimita chache tu chini ya udongo, pamoja na chumvi za pekloreti zenye sumu kwetu. Sehemu za namna hiyo, zenye barafu karibu na uso, ndizo zitakazotufaa kuanzia, na ndizo pia ambamo uhai wa Mirihi, kama upo, unaweza kuwa umejificha. Uchunguzi wa uhai huo hauna budi kukamilika kabla ya kipande cha kwanza cha erojeli kutandikwa.